Mianzi Mibichi ya Chumba cha Mama

Mama alihitaji kukaa nami mjini, mtaa wa Lucky Summer, ili awahi mashine ya figo kila Jumanne na Ijumaa. Nyumba yangu ni chumba kimoja, na tulikuwa watano tayari. Mwenye ploti alinikubalia nijenge juu ya slabu ya paa, mradi nisipandishe mawe. Nyufa zilizokuwepo kwenye jengo zilimtosha. Ndiyo maana nikatafuta mianzi.

Mwanamke aliyeileta kutoka milimani alinitengea ya manjano, yenye madoa. Nikamwambia sikuja kununua mabaki. Nimekulia sokoni, mboga iliyolala naijua. Nilibishana mpaka akaniacha nichague mwenyewe. Nikachukua ya kijani, laini, inayong'aa, arobaini, nikaihesabu mara mbili.

"Sawa, kastoma," akasema. "Umeshinda."

Fundi akanieleza kwamba mianzi hulowekwa kwenye maji ya dawa siku kumi na nne, la sivyo wadudu wataila. Mimi nikaona kumi na nne ni bei ya kuanzia. Maji nilikuwa nanunua kwa mtungi, na Mama alikuwa njiani. Tukapatana siku tano.

Chumba kilitoka kizuri. Majirani walipanda kukitazama, wakaniuliza hoteli ya watalii inafunguliwa lini. Mama alisema kina ubaridi wa nyumbani.

Mwezi wa tatu tangu ahamie, ukaanza kudondoka unga. Kila asubuhi ulikuwa juu ya blanketi, mweupe, laini, na Mama akiufagia akidhani ni vumbi la viwanda vya mtaa wa Baba Dogo. Ukitega sikio ukutani, unawasikia wadudu wakitafuna.

Nilimwita fundi. Akabonyeza nguzo kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Ulichagua mitoto, bosi. Ya mwaka mmoja ina sukari. Iliyokomaa ndiyo yenye madoa."

Nikamuuliza kama dawa ingepakwa sasa. Hapana. Tukibadilisha nguzo tu? Wadudu wako hata kwenye paa. Nikashuka mpaka nguzo mbili, zile za upande wa kitanda. Alikuwa ameshabeba mfuko wake. Alisema nimtoe Mama kabla ya mvua.

Kutafuta chumba kingine ningeweza, kulipa ndiko nisingeweza. Mama alikuwa amesikia yote.

"Nirudishe nyumbani," akasema.

"Kule hakuna mashine, Mama."

"Najua. Nikunjie blanketi."

Nikalikung'uta kwanza. Jumanne kliniki walipiga simu kuuliza kama amechelewa. Nikawaambia amesafiri. Ijumaa hawakupiga.