Sala ya Obdulia

Obdulia Longoria alikuwa na miaka sitini na minne, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza amesimama mbele ya meza ya bati, akimenya kamba wa baharini kiwandani Punta Garza. Punta Garza ni mji mdogo kusini kabisa mwa Teksas, ambako ukivuka mto tu uko Meksiko. Mumewe Anselmo, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma vya meli za kamba, na ufundi huo akamwachia binti yao wa pekee, Yadira. Meli zilipopungua, Yadira akachukua miwani yake ya kuchomelea akaenda kuomba kazi ng'ambo ya ghuba, kwenye kampuni iliyokuja kujenga roketi pale ufukweni. Wakamchukua siku hiyo hiyo.

Watu hudhani mama wa mtu anayeunda roketi lazima azijue roketi. Obdulia hakujua kitu. Yadira alikuwa akirudi nyumbani amechoka, anakula, anajitupa kwenye kochi na viatu vyake. Ukimuuliza kazi ikoje, anajibu, "Pete, Mama. Tunaunga pete." Pete zenyewe ni mabati mazito yasiyoshika kutu, yaliyokunjwa duara, kila moja pana kuliko sebule yao, yakipandishwa moja juu ya jingine mpaka mtu akitazama juu kofia inamdondoka. Mara moja tu, akiwa anapaka siagi kwenye mkate, Yadira alisema kwamba kile chombo kimetengenezwa kibebe watu mia moja, kiwapeleke kwenye sayari nyingine.

Obdulia akalishika hilo. Hakuuliza zaidi, kwa kuwa kwake neno lilikuwa limekwisha: kuna chombo, na kuna watu mia moja.

Asubuhi ya siku ya kukirusha aliamka akapika sufuria nzima ya tamali, yale madonge ya unga wa mahindi yenye nyama ndani, akazifunga kwa taulo zisipoe, akabeba kiti cha kukunja na kingine cha akiba, akatembea mpaka gatini. Alikuta watu wamejaa kama siku ya mtakatifu msimamizi. Wengine walitoka Brownsville, wengine mbali zaidi, wamekuja na hema, mbwa, darubini na watoto mabegani. Fidencio Treviño alikuwa amekwisha kujichagulia mahali penye kivuli cha duka la chambo. Huyu Fidencio ndiye aliyemsimamia Yadira ubatizo, kwa hiyo yeye na Obdulia waliitana kompadre na komadre, na walikuwa wakitaniana tangu wote wawili wana meno kamili.

"Komadre! Viti viwili? Unamsubiri Anselmo?"

"Kimoja cha kukalia mimi. Kingine cha mdomo wako, uupumzishe kidogo."

"Mdomo wangu umepumzishwa na binti yako. Siku tatu barabara ya ufukweni imefungwa, sijaloweka ndoana. Mwambie mtoto wangu wa ubatizo kwamba samaki hawali moshi."

"Mwambie mwenyewe. Jumapili ulikula nyama aliyonunua, hukumwambia."

Fidencio akacheka, akachukua tamali mbili bila kukaribishwa.

Saa mbili na nusu ikafika, ikapita. Mtu aliyekuwa akisikiliza matangazo kwenye simu akatangaza kwamba wamesimamisha kuhesabu sekunde za kurusha. Watu wakaguna. Kisha akatangaza kwamba wameanza tena. Obdulia alikuwa ameikazia macho ile nguzo ya rangi ya fedha upande wa pili wa maji, inang'aa jua linapoipiga, na moyoni alikuwa anawahesabu walio ndani. Mia moja. Lazima kuna wanaume na wanawake. Lazima mmoja wao ameacha mama mahali fulani, amekaa kwenye kiti kama hiki.

Moto ulianza bila sauti. Hilo ndilo lililomtatiza kwanza. Vumbi lilitimka pande zote, mwanga ukawa mkali mpaka akakinga uso, na ile nguzo ikaanza kupanda polepole, kama mtu mnene anayejaribu kuinuka kwenye sofa, na bado hakuna sauti, wala hata mtoto hakulia. Akadhani masikio yake yameziba. Akamgeukia Fidencio amuulize, na ndipo mlio ukafika. Haukuingia masikioni, uliingia kifuani. Vioo vya duka la chambo vikapiga kelele kwenye fremu zake, ndege wote wa mwari wakaruka kutoka kwenye nguzo za gati kwa pamoja, na Obdulia akashika mkono wa Fidencio bila kufikiri, naye Fidencio, aliyekuwa anaisema vibaya ile roketi tangu alfajiri, akawa anaita jina la Bikira Maria kwa sauti ambayo haikusikika.

Ikapanda, ikapanda, ikawa kijiti, ikawa cheche. Dakika tatu zilipita. Kisha ile cheche ikaanza kwenda upande, ikajizungusha, ikajizungusha tena, na watu wakasema "Ooh." Na hapo hapo, juu kabisa, pakatokea wingu jeupe lililofunguka kama ua.

Obdulia aliwahi kuona kitu kama hicho. Ilikuwa mwaka themanini na sita, kwenye televisheni ndogo iliyowekwa juu ya friji kiwandani, chombo kingine kilichorushwa mahali pengine, kikalipuka angani na watu saba ndani. Msimamizi alizima mashine dakika moja nzima, wanawake wote wakasimama na kamba mikononi, wakilia. Kwa hiyo alijua anachokiona. Akaanguka magoti pale gatini, juu ya mbao zenye magamba ya samaki, akapiga ishara ya msalaba.

Na watu wakapiga makofi.

Mwanzoni hakuamini. Akafungua macho. Watu walikuwa wanarukaruka. Mwanamume mmoja mwenye fulana ya kampuni alikuwa anakumbatiana na mwenzake, wote wanapiga ukelele. Mwanamke mmoja anajipiga picha, nyuma yake lile wingu. Mbwa anabweka, mtu anafungua bia saa tatu asubuhi.

Obdulia akasimama. Hakuwa mwanamke mrefu, lakini sauti aliipata kiwandani, mahali ambapo usipopaza husikiki.

"Nyinyi! Nyinyi hamna haya? Watu mia moja wamekufa na nyinyi mnapiga makofi? Mama zenu waliwazaa kwa nini? Vueni kofia!"

Alisema kwa Kihispania, na nusu ya wale watu hawakuelewa neno, lakini walielewa uso wake. Makofi yakapungua, yakakatika. Kijana mwenye bia akaificha nyuma. Obdulia akaanza sala ya marehemu, machozi yanamtiririka, na bibi wawili waliokuwa nyuma yake, ambao huenda walijua na huenda hawakujua, wakaitikia. Wakaitikia wengine. Mwanamume mwenye fulana ya kampuni akavua kofia yake, akainamisha kichwa, uso umejaa mshangao kama mtu aliyeingia kwenye mazishi ya asiyemjua.

Fidencio alisubiri mpaka "Amina." Kisha akamvuta kiwiko.

"Komadre."

"Niache."

"Komadre, hamna mtu ndani."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anajua. Hamna mtu. Hata kuku hamna. Ni jaribio."

Obdulia akamtazama. "Sasa mbona mwenyewe umevua kofia?"

"Ulituambia tuvue."

Akageuka, akawatazama watu. Yule mwenye fulana akamsogelea, akajaribu Kihispania chake kilichovunjika: hakuna mtu, bibi, hakuna, na hii ni nzuri, nzuri sana, imepaa, tumefurahi. Akamshika mikono yote miwili. Macho yake nayo yalikuwa na machozi, na Obdulia hakuweza kujua ni ya kitu gani. Akampa tamali. Hakujua la kufanya lingine.

Wakati anakunja viti, vumbi laini la rangi ya kijivu, lile lililotimuliwa na roketi, likaanza kushuka juu ya gati, juu ya magari, juu ya nywele za watu. Wengine walilikinga kwa viganja na kulitia kwenye mifuko ya plastiki, liwe kumbukumbu.

Yadira alirudi alasiri, kavaa ovaroli, macho mekundu. Obdulia alikuwa amekaa mezani tangu arudi, akijiuliza ampe pole au ampe hongera, na mpaka binti anaingia mlangoni hakuwa amepata jibu. Basi akampa mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, unaofaa kwa yote mawili.

"Uliona, Mama?"

"Niliona."

"Ilivuka mnara wa kurushia! Tulikuwa tunaomba ivuke mnara tu. Dakika nne!" Yadira alikuwa anacheka, kijiko mkononi. "Na pete zetu hazikupasuka pale kwenye maungio. Walituambia. Zilishika mpaka mwisho."

"Miezi minane umeunga ile roketi."

"Ndiyo."

"Na sasa iko wapi?"

"Baharini, Mama. Vipandevipande."

"Na umefurahi."

Yadira akamega mkate. Akauchovya, akautoa, hakuula. "Nimefurahi," akasema. Kisha akaweka kijiko chini, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye alama za kuungua, akalia mpaka mabega yakapanda na kushuka. Obdulia akainuka akamshika kichwa.

"Sasa unalia nini, mwanangu?"

"Sijui, Mama. Usiniulize."

Hakumuuliza. Baadaye kidogo Yadira akajifuta, akatoa simu, akaanza kucheka tena, safari hii kicheko cha kweli. "Halafu kuna hiki kipande cha video. Wenzangu wote wamekiona. Bosi amekiangalia mara tatu." Kwenye simu alikuwapo Obdulia mwenyewe, mdogo, amesimama gatini, kidole juu, akiwakemea watu wavue kofia.

"Nitakufa kwa aibu," Obdulia akasema.

"Hapana. Msimamizi wetu alisema..." Yadira akaweka simu mezani. "Alisema siku moja watakuwemo. Watu. Ndiyo maana tunazirusha hizi kwanza, Mama. Zipasuke zikiwa tupu."

"Na siku hiyo mtapiga makofi?"

Yadira akalivuta bakuli, akamaliza mchuzi uliokwisha kupoa.

Jumapili, baada ya misa, Obdulia alimsubiri padri Crisóforo nje ya sakristia, chumba anapovulia mavazi ya misa. Padri alikuwa kijana kutoka Reynosa, mwenye haraka kila wakati.

"Padri, mimi nimewaombea marehemu mia moja ambao hawapo. Na watu wengine wameitikia. Ile sala imekwenda wapi?"

Padri akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akaacha. Akakuna shingo. Akasema sala haipotei. Akasema huenda imewafikia wengine waliokuwa hawana wa kuwaombea.

"Huenda, au una hakika?"

"Huenda, mama."

Obdulia akamshukuru. Akatoka akashuka ngazi, akamkuta Fidencio nje ya geti amenunua nyama ya kichwa cha ng'ombe ya Jumapili, akamwambia padri naye hajui. Fidencio akasema hata yeye angekuwa padri asingejua, akambebea mkoba, wakaenda zao kumwamsha Yadira ale nyama ikiwa bado ya moto.