Mlango Uliofungwa kwa Sababu ya Paka

Siku niliyofika Ruwais kufanya kazi za ndani kwa Waarabu, madam aliniambia paka wake akitoka nje, nami kazi yangu imekwisha. Mlango ulifungwa daima. Ufunguo nilipewa wakati wa kutoa taka tu.

Kisha paka akaanza kutaka dume. Alilia kama mtoto aliyeungua, akajibwaga mlangoni, na madume wa mtaa wakamjibu kutoka ngazini. Mkojo wao ulinuka hadi jikoni. Nikifungua mlango, natanguliza mguu kumzuia, naye ananiparura hadi damu.

Asubuhi moja akaniponyoka. Nilimkimbiza barabarani bila abaya, bila ikama, kile kibali cha ukaazi, maana ikama yangu alikaa nayo madam. Nilimnasa chini ya gari, nikiangaza huku na huku askari asinione.

Nilirudi nikiwa nimefura. "Madam, halas, basi! Daktari amfunge kizazi, ama mnitafutie nyumba nyingine."

Paka alifungwa kizazi. Hakulia tena, madume wakapotea, na madam akaacha kufunga mlango. Paka hulala kizingitini mlango ukiwa wazi, hata hageuki kuutazama. Mimi ndiye ninayeutazama, na ikama yangu bado anayo madam.