Wembe Mmoja wa Nyumba ya Maate

Rusi hakuwa mtu wa kuchezewa. Kasese mjini, kwenye kibanda chake cha kunyolea nyuma ya soko, wanaume wenye mabega ya kubeba magunia waliketi kwenye kiti chake wakatulia tuli. Aliyekuja na wembe wake mfukoni, umekunjwa kwenye kipande cha gazeti, umeshanyoa ndevu za wiki iliyopita na za wiki ya kabla yake, Rusi aliutupa kwenye kopo la taka bila kuomba ruhusa. Dereva mmoja wa lori alimzaba kofi kwa sababu hiyo. Rusi alimtwanga kwa kigoda mdomoni, jino likaanguka, kisha akamkalisha, akafungua wembe mpya na kumnyoa mashavu yote mawili. Mnacheka? Dereva hakucheka. Alifuta damu, akalipa, na mwezi uliofuata akarudi.

Watu walipomuuliza wembe unakaa muda gani, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Kama ni ya kwako peke yako, nyoa ndevu mara tatu, mara ine. Ikianza kuvuta, imekufa, tupa. Lakini ikishagusa kichwa ya mutu, isiguse ya mutu mwingine. Hata ya mutoto wako."

Basi mumewe, Mumbere, akafa. Alikufa kwa homa ya ini, akazikwa kwao Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na siku ya kumaliza matanga Rusi alipanda kwenda huko na binti yao wa pekee, Sylivia, mtoto wa darasa la tatu.

Mwenye nyumba sasa alikuwa Maate, kaka mkubwa wa marehemu, mfanyabiashara wa kahawa, mtu wa fimbo mkononi na sauti ya kufokea punda. Wake zake walikuwa na makovu, na hakuna aliyeuliza yalitoka wapi. Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake, ambayo majirani wenyewe walikuwa wameiacha zamani: siku ya kumaliza matanga, wembe mmoja hunyoa vichwa vyote vya ukoo, kuanzia mzee hadi mtoto wa mwisho. Kuubadilisha katikati ni kuikata nyumba vipande viwili. Na mtoto ambaye wembe huo haukumpitia hahesabiwi. Shamba la Mumbere kule Karusandara, lile ambalo Rusi mwenyewe alilipalilia hadi mgongo ukakataa kunyooka, lingekwenda kwa waliohesabiwa.

"Wewe ni kinyozi," Maate alimwambia. "Basi wewe utatunyoa."

"Shemeji, nimekuja na paketi nzima ya wembe. Kila mutu apate yake."

Maate aliipokea paketi ile kwa adabu kabisa, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaitumbukiza chooni. Aliporudi alisimama karibu sana na Rusi. "Ndugu yangu amekufa, wewe unatuona wachafu?"

Hapo ndipo Rusi yule wa kigoda alipaswa kusema hapana. Lakini alimtazama mwanawe, akalikumbuka lile shamba, akaomba beseni la maji. Alikuwa na wembe mmoja mpya aliouficha ndani ya kitambaa cha kichwa. Akapiga hesabu yake kimoyomoyo: nitawanyoa hawa watu wazima kama wanavyotaka, shauri yao, na zamu ya Sylivia ikifika nitabadilisha wembe kiganjani, hakuna atakayejua. Mtoto atahesabiwa, na damu yake itabaki yake.

Akaanza. Alimnyoa Maate, wembe ukateleza vizuri. Akanyoa wadogo zake, shangazi, wake zake, binamu waliotoka ng'ambo ya mpaka. Kufikia kichwa cha sita wembe ulikuwa unavuta. Kufikia cha nane ulikuwa unang'oa, watu wanauma meno, damu inashuka nyuma ya masikio na kuingia kwenye beseni, maji yakawa mekundu. Rusi alisuuza wembe kwenye maji hayo hayo kwa sababu hakuna aliyemletea mengine. Mkono wake uliokuwa na sifa Kasese nzima ulikuwa unachana watu kama paka. Alijichukia, nawaambia, alijichukia vibaya sana, na bado aliendelea.

Ikafika zamu ya Sylivia. Rusi akajipangusa jasho, akapitisha vidole kwenye kitambaa cha kichwa.

Maate alimdaka kiwiko. Alikuwa akimwangalia muda wote. Alimkunja mkono hadi wembe mpya ukaanguka mchangani na karatasi yake, akaukanyaga.

"Munaona mwizi huyu? Anataka kumutoa mutoto wa ndugu yangu katika nyumba!"

Fimbo ilimpiga Rusi kwenye shingo, ya pili mdomoni. Alianguka juu ya beseni. Wawili wa wale aliotoka kuwanyoa walimkalia mgongoni, na Maate akamkamata Sylivia kwa shingo, akamkandamiza katikati ya magoti yake, akaanza kunyoa mwenyewe kwa ule wembe uliokufa. Mtoto alipiga kelele moja ndefu. Wembe ulikwama juu ya sikio, Maate akausukuma kwa nguvu, ngozi ikafunguka.

Rusi hakukumbuka baadaye alivyoinuka. Wanaosimulia wanasema alimng'ata mmoja kidole hadi mfupani. Alilishika beseni la bati kwa mikono miwili akamshushia Maate usoni, mara moja, na alipoinua mkono kujikinga, mara ya pili, na pua ikapasuka kwa sauti ambayo wote waliisikia. Akampiga tena alipokuwa ameshaanguka. Angemuua. Kilichomzuia ni Sylivia, aliyekuwa amesimama pembeni, nusu ya kichwa nywele, nusu damu, akisema, "Mama, inatosha."

Walitoka hapo wakikimbia huku mawe yanawafuata. "Huyo mutoto si wetu!" mtu alipiga kelele nyuma yao. Mwenye pikipiki aliwabeba bila kuuliza hadi kituo cha afya.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Nasifah, mwenye mikono ya haraka. Alilisafisha jeraha la Sylivia, akashona, kisha akamgeukia Rusi, ambaye mdomo wake ulikuwa umevimba.

"Kuna dawa ya kuzuia virusi, mutoto aanze leo leo," alisema. "Na sindano ya kukinga homa ya ini. Tutamupima, halafu mutarudi, tutamupima tena. Lakini nisaidie. Hiyo wembe ilikuwa mupya?"

"Hapana, sista."

"Ilikuwa imenyoa nani?"

Rusi alimtazama mtoto, aliyekuwa akijipapasa kile kichwa cha nusu kwa nusu na kuuangalia mdomo wa mama yake, akingoja jibu.

"Baba zake wadogo na wakubwa," Rusi akasema. "Shangazi zake. Wote."

"Nani aliwanyoa?"

"Mimi."