Dakika Ishirini na Nane Mbele

Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi Thika, miaka ya tisini ikielekea mwisho, kilikuwa na kompyuta moja ya Unix, na ndiyo iliyoamua nani amechelewa. Ukipitisha kadi langoni, iliandika saa yake, si yako. Nilipokabidhiwa niilinde, niliilinganisha na mlio wa redio kabla ya habari. Kesho yake nikarudia, maana mimi hata mayai ya trei huhesabu mara mbili. Ilikuwa dakika ishirini na nane mbele.

Mama mmoja wa kufuma alitembea kila asubuhi kutoka Gatuanyaga, na hangeweza kutoka kabla ya mwanga. Alishapata maonyo mawili. La tatu ni nyumbani.

"Kijana, hiyo mashine yako inanichukia."

"Haichukii mtu, mama. Inadanganya tu."

"Basi iambie idanganye upande wangu."

Nikaenda kwa meneja. Yeye alizipenda hizo dakika, eti zinaamsha watu.

"Nitapunguza dakika tano," akasema.

"Mzee, saa si nyanya za sokoni, haina bei ya jioni."

Kilichomlegeza ni mteja wa Ruiru aliyekataa kulipa: kwa karatasi zetu, lori lilitoka Thika baada ya kufika kwake.

Nikaweka programu ya kupiga simu kwa modemu, iulize kompyuta za nje saa, kisha iivute yetu polepole. Nikaiwasha, ikazima. Nikaiwasha tena, ikazima. Kitabu chake kikanieleza: tofauti ikipita kama robo saa, inadhani kuna kitu kimeharibika, inajitoa. Uongo mdogo inausahihisha, mkubwa inaukimbia. Ilibidi kwanza nirudishe saa kwa mkono.

"Si na watu wakipita langoni," meneja akasema. "Ngoja Jumapili."

Nilibembeleza, sikupunguziwa hata siku moja. Jumamosi yule mama alifika mapema kwa saa ya redio, akaandikwa amechelewa: onyo la tatu.

Jumapili nikairudisha saa, nikaiwasha programu. Ikakaa. Jumatatu nikaomba alama ya Jumamosi ifutwe.

"Saa yako imeanza jana," meneja akanijibu. "Ya nyuma ni ya nyuma."

Nilimkuta mama langoni akirudisha kadi.

"Wanasema siku hizi inauliza wenzake saa."

"Ndiyo, mama."

"Haiwezi kuwauliza ile ya Jumamosi?"

Nikamwambia huuliza ya sasa tu.

"Ngai, Mungu wangu," akasema, akafunga leso vizuri, akashika barabara.