Nilivyoanzisha mashindano ya chai ya moto Nabuyonga na nusura niue utafiti wa Shangazi

Wakuu, hodi humu ndani.

Huwa nasoma nyuzi zenu kimya kimya, kama paka chini ya meza. Leo nimejitokeza. Ninayoyasema ni ya kweli, hata yale yanayoniaibisha, ambayo ni karibu yote.

Mimi ni msichana, niko S.4, yaani kidato cha nne, shule moja ya Mpumudde, Jinja. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa wanajeshi, na Kiswahili ni cha nyumbani. Shuleni wenzangu wanakiona lugha ya askari; nikikiongea wanasimama wima na kunipigia saluti, "Ndiyo afande!" Basi siku hizi siongei. Naandika. Nina counter book la kurasa mia mbili, na kila kitu kinaingia humo.

Sasa Shangazi.

Shangazi yangu ni mtafiti wa saratani. Anachunguza DNA za seli, anatafuta pale seli ilipoanza kupotea njia. Sayansi aliianza baada ya vita vya 1979, shule yao imeporwa mpaka lenzi za hadubini. Mwalimu wao akakunja waya ukawa kitanzi kidogo, akaning'iniza tone la maji ndani yake, akasema, "Hii ndiyo lenzi. Chungulieni." Shangazi akachungulia mguu wa nzi. Haboba, ndiyo bibi yangu, mama yake, anasema tangu siku ile mtoto hakurudi sawasawa.

Akasoma, akaenda ng'ambo miaka mingi, akarudi Jinja na maabara yenye friji la baridi kali kuliko yote mjini. Majirani wetu wa Mafubira waliposikia, walimheshimu sana. Ramadhani ikifika wanamletea majagi awagandishie juisi.

Haboba yeye anaishi Mbale, mtaa wa Nabuyonga. Huwaambia watu, "Binti yangu ni daktari mkubwa. Lakini hata mafua hajawahi kuniponya."

Tuje kwenye jambo lenyewe.

Babu alikufa kwa saratani ya umio, ile njia ya chakula. Mwisho hata uji ulikataa kupita. Kwa hiyo Shangazi ana swali moja linalomnyima raha: chai ya moto sana, ikiunguza umio kila siku miaka nenda miaka rudi, inaacha alama gani kwenye DNA?

Wazee ishirini wa Nabuyonga, Haboba akiwemo, walikuwa wameshatoa seli zao hospitalini. Zimelala frijini Jinja. Kilichobaki ni kupima kila mzee anakunywa chai ya moto kiasi gani. Bila namba hizo, seli zile hazimwambii Shangazi kitu, na ruhusa yake ilikuwa ya siku nne tu.

Msaidizi wake akapata malaria. Shangazi akanigeukia mimi, niko likizo, sina pa kujificha.

Kazi ilikuwa rahisi. Chai inamiminwa. Mtu akiinua kikombe anywe, unasema "samahani", unachovya kipimajoto, unaandika. Neno moja tu. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Tukaenda Mbale. Nyumba ya kwanza, Mama Shamsa. Nyuzijoto sabini na moja. Nikaandika, nikatoka, nikajiona daktari.

Nyumba ya pili, ng'ambo ya barabara, Hajjati Mastula. Sitini na saba.

"Sitini na saba ndiyo kubwa?" akauliza.

"Ni ya kawaida, Hajjati."

"Na yule wa pale, Mama Shamsa, alipata ngapi?"

Wakuu, hapa ndipo nilipoharibu. Shangazi aliniambia ni siri. Lakini mimi sijui kumkatalia mtu mzima, ulimi unaganda. Nikasema, "Sabini na moja."

Hajjati aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Sabini na moja? Na chai yake ile kama maji ya kuoshea mchele?"

Nifafanue kidogo kwa wasiojua. Kwetu, mgeni akipewa chai iliyopoa, ameambiwa njia ya kurudi anaijua. Kwa hiyo namba ndogo haikuwa namba. Ilikuwa tusi, tena limeandikwa na serikali. (Sikuwa serikali. Lakini nilikuwa na kalamu na kitambulisho shingoni.)

Kufika adhuhuri mtaa mzima umejua. Flaski zikafichwa kabatini. Birika zikatolewa jikoni zikiwa bado zinatokota. Kuna nyumba nilikuta vikombe vinachemshwa kwanza kwenye sufuria, kama sindano za zamani.

Sabini na tisa. Themanini na moja. Themanini na tatu!

Na kila nyumba lazima mgeni naye anywe. Kufika nyumba ya saba ulimi wangu ulikuwa kama kipande cha gunia.

Halafu nikafika kwa Afande Ramadhani, sajenti mstaafu. Alikuwa ameketi kibarazani kama anasubiri kukaguliwa. Akainua kikombe, nikachovya: themanini na sita.

"Afande, ngoja kidogo," nikamwambia.

"Mimi hapana ngoja chai," akasema, akapiga funda.

Uso wake ulipitia rangi ambazo sina majina yake. Machozi yakaanza kushuka.

"Andika, mutoto! Andika!"

"Jajja, unalia," mjukuu wake akasema.

"Hapana lia. Moshi ya sigiri."

Sigiri yenyewe ya mkaa ilikuwa nyuma ya nyumba.

Baada ya alasiri Shangazi akazipitia form zangu.

"Hizi namba ni za chai au za injini ya lori?" Akapekua tena. "Kwa namba hizi mtaa mzima ungekuwa hauna ulimi. Nini kimetokea?"

Sikuweza kusema. Ulimi ulikuwa umeungua, na hata usingeungua nisingeweza. Nikampa counter book, nikafungua ukurasa wa siku ile, nikajifunika leso.

Akasoma. Nikaona mabega yanatikisika. Nikajua basi, nimemliza. Kuchungulia, anacheka mpaka miwani imeanguka.

Kisha akaacha kucheka.

"Siku tatu zimebaki. Kesho utawaambia wewe."

"Mimi?"

"Mdomo ulioharibu ndio huo huo utakaotengeneza."

Asubuhi Haboba akawaita wazee wote kwake, kuna mandazi. Nilisimama nimeshika kiti. Maneno hayakutoka, basi nikawasomea daftari kama lilivyo, mpaka lile la moshi wa sigiri. Nikamalizia kwamba haya hayakuwa mashindano, na namba za kudanganya zitaharibu kazi ya kujua kinachowaua watu wetu.

Mkono mmoja ukainuka.

"Kwa hiyo mushindi hapana?" Afande akauliza.

"Hakuna, Afande."

"Sasa mimi nakunywa ile kitu kwa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Shamsa alicheka mpaka akakaa chini. Hajjati Mastula peke yake hakucheka. "Kumbe yangu ya kweli ni ile sitini na saba," akanung'unika. "Mwanamke huyu bado amenishinda."

Tukapima upya, watu wakipiga soga zao bila kunitazama. Namba zikashuka zikawa za binadamu.

Isipokuwa ya Haboba. Yake ilikuwa themanini na mbili mara ya kwanza, na themanini na mbili mara ya pili.

"Mama, tumesema hakuna mashindano," Shangazi akamwambia.

"Nani anashindana? Mimi ndiyo chai yangu." Akakatakata andazi. "Tulipokuwa tunakimbia na baba yako, chai inashuka mekoni na bunduki unaisikia. Ukingoja ipoe, umewapikia wao. Tukajifunza kumeza moto. Vita vikaisha. Koo halikuambiwa."

Shangazi akavuta form yake. Form haikuwa na mahali pa kuandika hayo, akayaandika pembeni kwa penseli.

Siku ya kuondoka Haboba akamimina chai, akafunika kikombe kwa kisahani, akakunja mikono.

"Haboba, chai yako," nikamwambia.

"Naiona. Kwani nani ananikimbiza?"

Alingoja. Aliteseka, jamani! Kila dakika, "Bado?" Nikipima, "Bado, Haboba." Ilipofika hamsini na nane akaonja, akakunja uso.

"Haya ni maji ya kuogeshea mtoto mchanga," akasema. Akainywa yote.

Majibu ya DNA bado, Shangazi yuko nayo maabara Jinja. Mimi nimejifunza kwamba kunyamaza siyo adabu kila wakati, na kwamba "siwezi kukwambia, Hajjati" ni sentensi fupi tu, haiungui.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Chai yako unainywa ikiwa vipi, na nani alikufundisha? Semeni kweli.

Hakuna mshindi.