Kule Hakuna Mama Yona

Usiku ule Namkunda aliponijia hakuja kama marehemu. Alikuja na matope miguuni, gauni amelipandisha na kulifunga kiunoni, na karai la tangawizi kichwani, kama siku yoyote ya mavuno. Namkunda ni binti yangu wa kwanza. Nilimzika kwa mkono wangu huu, na huu ni mwaka wa tano.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, maana huku kwetu Upare ndiyo tunayomwagilia. Jua lilikuwa jeupe lakini halichomi. Akatua karai, akachuchumaa, akaanza kuosha. Tangawizi moja moja, anavunja matawi yake, anatoa udongo kwa ukucha wa dole gumba. Ndivyo alivyokuwa. Wenzake humwaga gunia zima majini wakakanyaga kwa miguu, yeye moja moja.

Nikasema moyoni, huyu si alikufa?

Akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni, akacheka.

"Mama, bado unafunga kanga kama mtu anayekwenda kugombana."

"Na wewe bado unaosha tangawizi kama unaogesha mtoto. Utamaliza lini?"

"Huku hakuna kumaliza," akasema.

Nilikuwa na mengi ya kumuuliza. Nilitaka kujua kama ilimuuma mpaka mwisho, maana walinitoa wodini kabla. Lakini niliogopa nikiuliza ataondoka, basi nikawa namtazama mikono tu. Kile kidole alichojikata na mundu akiwa msichana, kovu lake lipo. Nikasema, asante Mungu, kovu lipo.

Ndipo sauti ikatoka juu kwenye matuta.

"Mama Yona! Mama Yonaa!"

Naijua sauti ile. Ni Elieza, mume wake, mkwe wangu. Yona ni mtoto wao wa kwanza, ndiye aliyempa mama yake jina hilo. Elieza anaita, na Namkunda anaosha tangawizi.

"Itika basi," nikamwambia. "Mumeo anakuita."

Akainua kichwa kama mtu aliyesikia mbwa akibweka kilima cha jirani.

"Anamwita nani?"

Hapo pakageuka. Hatupo tena kwenye ndiva, tupo barazani kwa Elieza, siku ile Yona alipoleta mtoto wake. Na ilikuwa kweli kama ilivyokuwa. Majirani wamejaa, Naetwe mke wa Mbazi yupo, Nakiete yupo, Eliwaza naye ameunyoosha mguu wake mbaya kwenye mkeka. Yona amevaa suti, jasho linamtoka. Mkewe Upendo amembeba mtoto wao wa kike, ana miezi mitatu. Nanzia, mdogo wake Yona, anapiga picha kwa simu. Mama yao hajamaliza mwaka kaburini, na mtoto huyu wamempa jina lake, Namkunda.

Kwetu babu humpokea mtoto mlangoni, akamwinua, akamwita jina lake mara moja kwa sauti, watu wote wasikie. Ndipo watu hula. Elieza akampokea. Akamwinua. Akafungua mdomo, sote tukangoja, mpaka nzi nikamsikia. Akakohoa. Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akasema, "Mzuri. Mpeni uji," akachukua jembe akaenda zake shambani.

Mtoto wa miezi mitatu, uji gani!

Yona hakugusa chakula. Alisema, "Mama hajamaliza mwaka, jina lake limeshamshinda baba." Nanzia akalia kwa hasira. Siku hiyohiyo wakateremka mlima, na tangu hapo hawajapanda. Simu hupigwa Krismasi. Elieza akiuliza, "Huyo mtoto hajambo?" Yona hujibu, "Mtoto ana jina, baba," na maongezi yanakatikia hapo. Miaka minne sasa yule mzee anapika peke yake. Namwona toka kwangu, moshi wake huchelewa kuliko wa watu wote. Na mimi nisiseme uongo, nilimhesabu kuwa mtu wa moyo mgumu.

Lakini ndotoni kuna kitu ambacho siku ile hakikuwepo. Namkunda mwenyewe yupo. Amesimama nyuma ya mlango, mikono inachuruzika maji, anamtazama mumewe alivyomwinua mtoto. Ameikaza shingo kama mgonjwa anayengoja kuitwa kwenye dirisha la dawa. Elieza anakohoa, na mabega ya binti yangu yanashuka.

"Kila jioni ananiita," akaniambia. "Akishaipua chungu, ananiita. Mama Yona, Mama Yona. Mama, huku hakuna Mama Yona. Watoto wetu hatukuja nao. Huku kila mtu ana lile jina alilopewa siku ya kuzaliwa, basi."

"Lakini sauti yake si unaisikia?"

"Naisikia. Miguu hainyanyuki. Anayeitwa si mimi."

Nikaanza kurudi nyuma kwenye kumbukumbu, mimi ambaye jina la mtu halinipotei. Elieza alipokuja kuchumbia alisema "huyu binti." Alipomwoa akawa anamwita kwa kikohozi. Akikohoa uani, Namkunda anajua maji ya kuoga yanatakiwa. Akikohoa mara mbili, kuna mgeni. Yona alipozaliwa ndipo akapata neno la kumwitia mkewe, akafurahi kama aliyepewa ng'ombe. Ndivyo walivyolelewa wanaume wa rika lile, jina la mke hulitamki, ndiyo heshima yake. Miaka thelathini na ushee ya ndoa. Nikatafuta siku moja tu ambayo nilimsikia akisema Namkunda. Sikuipata.

"Na wewe, mama?" akaniuliza.

Nikainamisha uso. Jina lile ni la mama yangu mzazi. Nilimpa binti yangu, na kwa sababu hiyo maisha yake yote nilimwita "mama." Mama njoo ule, mama umechoka. Nilipokuwa na hasira tu ndipo nilipopanda juu ya jiwe nikaita, Namkunda! Naye akaitika toka kule kwenye ndiva, "Abeeee," anaivuta mpaka bonde zima linajua amekosa.

Nikamtazama, na sura ni ya mama yangu. Nikatazama tena, ni yeye. Tena mama yangu. Nataka kumwita ili abaki mmoja, lakini mdomo umejaa udongo wa tangawizi, ule mwekundu, na ulimi hauna pa kupita. Amekwisha kuinua karai. Anatembea ukingoni mwa mfereji, maji yanapanda mlima, na mimi nakimbia lakini miguu ni ya mwanamke mwenye umri wangu.

"Mwambie aniite," akasema, hakugeuka. "Nimeshamwachia mtu wa kuitika."

Nikaamka nimekaa kitandani, na jina liko mdomoni. Nikalisema. Namkunda. Nikalisema tena, nikalia kidogo, maana lilitoka vizuri, na aliyekuwa akilitaka hayupo.

Kulikuwa kumekucha. Nikafunga kanga. Nikaifungua, nikaifunga upya taratibu, nisionekane nakwenda kugombana. Nikateremka kwa mkwe wangu.

Mama mkwe haingii ndani kwa mkwewe, kwa hiyo nikasimama nje ya ua nikapiga hodi. Akatoka, macho chini kama kawaida yake kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Nimetumwa."

"Na nani, mama?"

"Na mkeo."

Nikampa maneno yote kama nilivyopewa. Niliposema kule hakuna Mama Yona, akashika mti wa ua. Mtu mrefu yule, alishika kijiti kilekile kimoja mpaka kikapinda.

"Siku ile nilitaka," akasema baadaye. "Mdomo niliufungua, mama, uliniona. Jina halikuwa na njia. Sijawahi kulipitisha hapa." Akajigusa koo. "Nikaona haya. Nitawaambiaje watoto wangu kwamba sijui kumwita mama yao?"

"Ungewaambia hivyohivyo."

"Hawa? Yona anamwita mkewe Upendo, Upendo, mbele za watu, kama anaita kuku. Angenielewa?"

Nikacheka, na yeye akacheka, kisha tukaacha.

Akaingia ndani, akarudi na simu yake ya kubonyeza, ile ambayo mtu akiongea inasikika mpaka barabarani. Akabonyeza namba moja moja. Yona akapokea.

"Baba? Kuna nini asubuhi yote hii? Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kuongea na mtoto."

"Mtoto ana jina, baba." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu aliyechoka kulisema.

Elieza akanitazama usoni, yeye ambaye tangu amuoe binti yangu hajawahi kunitazama usoni. Jina lilikuwa mdomoni mwangu tangu nilipoamka, lakini si mimi niliyetakiwa kuliita. Akakohoa. Kikohozi kilekile cha uani. Akakohoa tena. Halafu akaisogeza simu mbali na uso, akasimama sawasawa, akaita kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde:

"Namkunda!"

Nadhani hata Yona aliitoa simu sikioni. Nikasikia pumzi yake tu, inaingia, inatoka. Na nyuma yake, mbali, toka chumba cha mwisho cha nyumba ambayo sijawahi kuingia, vishindo vya miguu midogo isiyo na viatu, na sauti ya mtoto, ameivuta:

"Abeeee!"