Kinyonga Wangu Alivyonivua Nguo Jumuiyani

Msiniulize kwa nini mtu mzima anafuga kinyonga. Hapa Mbinga nimeshaulizwa mpaka nimechoka. Jumamosi nilimkuta kwenye mti wangu wa kahawa amepauka, hali kitu, ngozi inambambuka vipande vyeupe. Na jirani yangu, Mzee Ndunguru, alikuwa ametoka kupulizia kahawa yake dawa. Basi! Sikumuuliza mtu. Nikamtia kinyonga kwenye ndoo, nikamfunika kwa kitenge, mimi huyo mpaka kwenye sala ya jumuiya. Nikasimama mbele ya wote.

"Shikamoo, Mzee, lakini dawa yako inaniulia kinyonga!"

Maskini mzee akavua kofia. "Nisamehe, Mama Furaha. Sikujua imefika kwako."

Watu wakaguna kwa huruma. Nami, kwa mbwembwe zangu, nikafunua kitenge waone maiti mtarajiwa.

Kinyonga alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa ndoo, kijani kibichi, anang'aa. Ngozi kuukuu ilikuwa imebaki chini ya ndoo. Akina mama wakakimbilia nje wakipiga kelele. Mzee Ndunguru akachungulia, akavaa kofia yake taratibu.

"Mama Furaha, mwenzio kabadilisha nguo aje kusali. Sasa mimi nimeomba msamaha wa nini?"